Pembe ya Mzee Kitonga

Makumbusho yetu hapa Kanyangi ni vyumba vitatu tu, lakini tunaanzia mbali. Cha kwanza kina mawe yaliyochongwa na watu ambao hata majina yao hatuyajui. Cha pili kina vyuma vya wahunzi na shanga za misafara. Cha tatu ni cha picha za watawala: wafalme wa Wanga, masultani wa Pate. Upande wa Wakamba ulikuwa mtupu. Sisi hatukuwa na mfalme. Tulikuwa na wazee, na kithitu, kile kifaa cha kiapo kinachoogopwa kwa kuwa eti humuua mwongo.

Kwa hiyo Kavindu, mwanamke wa hapa kijijini, alipoleta pembe ya marehemu baba yake, mzee Kitonga, moyo wangu uliruka. Mdomo wa pembe hiyo ulikuwa umezibwa kwa ngozi. Tangu utotoni Kavindu aliambiwa ni kithitu, isiguswe. Majirani hawakukanyaga kwao. Sasa Muindi, mzee wa kanisa la pale sokoni, alikuwa amemkataza mwanawe kumwoa Ndunge, binti wa Kavindu. Mchungaji wao alitaka pembe ichomwe. Kavindu alitaka kujua kwanza ina nini.

Na mimi siandiki kibao cha maelezo ya kitu nisichokijua, hata nikibembelezwa. Muindi alikuja kushuhudia, akabaki mlangoni. Nikamwambia kama anaogopa aende zake. Hakwenda, hamu ya kujua ilimshinda.

Kavindu alichukua kisu, akakata ngozi mwenyewe. Unga mweusi ukamwagika mezani. Nikauinamia, nikanusa, nikapiga chafya mpaka machozi yakanitoka.

Ulikuwa ugoro.

Kwetu mtu akikuona na ugoro akakuomba, ni aibu kumnyima. Muindi, aliyekulia pamoja na marehemu, akasema, "Kitonga alikuwa mchoyo. Hakutaka kuombwa."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kavindu hakucheka. Alikuwa na hasira.

"Mama yangu tulimzika peke yetu," alisema. "Kwa sababu ya ugoro."

Akamsogelea Muindi na ile pembe.

"Sasa wewe niombe."

Kanisa lao halitaki kabisa tumbaku, na Muindi ndiye huwakemea vijana. Alinitazama, akawatazama wafalme ukutani. Kisha akakinga viganja vyote viwili.

"Naomba, Mama Ndunge."