Kiondo cha Chuma

Filimbi ilipolia, wanawake wa kazi ya lazima waliteremka hadi Mto Thuci wakakuta nyaya za chuma za boriti ya daraja zimevutwa kwa jeki, zimekazwa kati ya mbao, zinangoja zege. Mukami, ambaye mumewe Njura alikuwa kizuizini tangu Hali ya Hatari ianze, alizipaka mafuta ya mbarika, kama anavyopakwa bi harusi anayevuka mto kwenda kwa watu.

Zege likamwagwa, likakauka. Nyaya zilipokatwa ncha ili zege lizishike lenyewe, ziliteleza zikazama ndani kama minyoo udongoni. Boriti ikapasuka katikati.

Bwana D.O., afisa wa serikali ya kikoloni, alisema huo ni uasi. Boriti nyingine ikiteleza, Mukami naye atapelekwa kizuizini. Ikishika, siku gari lake litakapovuka daraja, Njura atarudi nyumbani.

Mukami akaziosha nyaya mpya kwa majivu. Akaketi, akakunja leso, akatema mate kiganjani, akazisokota pajani kama kamba ya kiondo. Chuma kilikubali. Alisokota akimtaja Njura, kwa kuwa kiondo husokotwa kwa jina la mwenyewe, nacho hakimbebei adui yake mzigo.

"Muka wa Njura," akamwambia Kanana aliyekuwa kando yake, "wacha kukaza hivyo. Watakuletea viazi ujaze."

Nyapara aliona kazi inakwenda, akaenda kunywa uji.

Jeki zikavuta. Zege likaingia katika kila msokoto. Ncha zilipokatwa, nyaya zilitaka kurudi urefu wake wa awali. Zege likakataa kuziachia hata kiasi cha unywele, na boriti ikainua mgongo. Wanawake nao wakainua yao. Vigelegele vilisikika hadi Runyenjes.

Boriti hiyo na dada zake zilipolazwa juu ya nguzo, wanawake walivuka na mizigo ya kuni, daraja likatulia kama mkeka. Gari la D.O. lilipokaribia, daraja likainua mgongo, gari likarudi kinyumenyume. D.O. alijaribu tena baada ya chakula, daraja likainuka zaidi. Akavua viatu, akavuka majini, wanawake wakimtazama kutoka juu.

Kwa kuwa gari halikuvuka, Njura hakurudi.

Kesho yake filimbi ililia, zikaletwa nyaya za daraja la Rupingazi. Kanana akauliza hili linasokotwa kwa jina la nani.

Mukami akatema mate kiganjani.

"Langu," akasema.