Jina la Mama Halimo

Saa tisa na nusu alasiri ya Jumatano, pazia lilishushwa kwa mapumziko, na trei za chai zikaanza kupita mkono kwa mkono katika safu za viti. Ukumbi ulijaa wake wa wafanyakazi wa viwanda vya sufu, kofia kichwani, kila mmoja akijifanya hazitazami biskuti za mwenzake. Nora Sugden, mtunzi wa mchezo ule, alikaa safu ya saba. Kando yake alikaa binti yake Avis, mwenye umri wa miaka sita, ambaye alikufa kwa dondakoo miaka tisa iliyopita.

"Haya, bibie mdogo, miguu ndani," alisema Mabel Hirst, mwuza vijitabu vya mchezo. "Uwe hai uwe umekufa, trei lazima ipite."

Avis alikunja miguu. Kisha akafungua kijitabu magotini, akaweka kidole juu ya ukurasa, akakishusha mstari kwa mstari mpaka kwenye tangazo la sabuni.

"Mama, jina lako halimo."

"Tazama vizuri, mwanangu. N. Sugden, si hilo hapo?"

"Huyo baba. Na baba hata barua hajui kuandika."

Hapo mtoto hakukosea. Sugden fundi bomba alihamia Kanada kabla Avis hajaota meno, na mpaka leo hajaleta hata salamu.

Avis alijua kusoma neno moja tu duniani: Nora. Mama yake alimfundisha kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha la jikoni, akamwahidi kwamba siku mchezo wake utakapoonyeshwa, atalikuta jina hilo limepigwa chapa kwenye kijitabu. Mtoto akafa Februari. Mchezo wa kwanza ukaonyeshwa Aprili, na Jumatano ya kwanza tu Avis akaja na koti lake la shule, akaketi, akaomba kijitabu. Tangu hapo hakukosa hata Jumatano moja ya michezo ya mama yake.

Aliyeamuru herufi moja ni Bwana Crowther, meneja wa ukumbi. "Bi Sugden, mimi binafsi sina neno," alimwambia mwaka ule. "Lakini mwanamume wa mji huu akisikia mchezo katunga mwanamke, atabaki baa na pinti yake ya bia. Waache wadhani wewe ni Norman." Nora alibisha, akabembeleza, na siku moja alirusha kikombe. Wapi! Michezo tisa ilipita, na magazeti yakamsifu Bwana Sugden kwa jinsi anavyoijua mioyo ya wanawake. Nora alizisoma sifa hizo, kisha akayatumia magazeti kufungia maganda ya viazi.

Jioni ile, wakati wa kuning'iniza aproni, Mabel alimshika mkono.

"Marehemu wangu alikuwa akija kila Jumatatu kutafuta miwani yake," alisema. "Anapekua droo, ananilaumu, nami namjibu, tunakunywa chai. Siku moja nikaiona nyuma ya kochi. Mimi mjinga nikampa! Akasema, ahsante Mabel. Akatoka. Huu mwaka wa nne, shoga, hata kikohozi chake sijakisikia." Akapenga kamasi, akazima taa ya chumba cha makoti.

Vuli iliyofuata, Bwana Crowther alimwita Nora ofisini. Mezani palikuwa na karatasi ya majaribio kutoka kwa mpiga chapa, ya mchezo wa kumi.

"Umeshinda, Bi Sugden. Dunia imebadilika, nami nimechoka kugombana nawe. Ona mwenyewe: NORA SUGDEN, herufi kubwa kuliko za mchezo wenyewe. Tia saini, jamaa anasubiri."

Nora alilitazama jina lake. Alikuwa hajawahi kuliona limepigwa chapa, na lilikuwa zuri, jamani, zuri mno. Alikiona kidole kidogo kikishuka kwenye ukurasa, kikifika pale, kikisimama. Akaikumbuka miwani ya nyuma ya kochi. Akaomba kalamu. Akakata herufi tatu kwa mstari mmoja, akatia nukta baada ya N.

"Ninyi wanawake!" alisema Bwana Crowther. "Miaka yote hiyo unanisumbua, leo unakata mwenyewe?"

"Nimeshazoea," alisema Nora.

Kuanzia siku hiyo, kila aliyeuliza aliambiwa na meneja kwamba mama mwenyewe ndiye aliyekataa. Na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli, hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumatano ilipofika, Avis alikaa kitini mwake. Safari hii kidole kilikwenda polepole sana. Kilishuka hadi kwenye sabuni, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Halimo," alisema. "Na uliniahidi, Mama."

"Nilikuahidi, mwanangu. Labda mchezo ujao."

Mabel alikuwa amesimama na trei. Alikitazama kijitabu, akamtazama Nora. Akaongeza biskuti mbili kwenye kisahani.

Avis alikikunja kijitabu na kufuta machozi kwa mkono wa koti.

"Basi nitakuja tena," alisema.

Nora alimmiminia chai, akatia maziwa jinsi mtoto alivyokuwa akiipenda, kisha akaipitisha trei kwa jirani.