Alama za Kuuliza

Nyanya alipozikwa, nyimbo zake zilibaki kwa Sandra tu. Alikuwa amezichapa Kitale, kila irabu na alama juu yake kuonyesha sauti inapanda wapi. Akabeba faili kwa flashi hadi Bungoma, na kompyuta ya kuazima akaifuta kabisa akairudisha.

Alipoifungua faili hiyo kwenye saiba, duka la kompyuta za kukodi, irabu zote zilikuwa alama za kuuliza. Akamwita mwenye saiba, Wangila.

“Usiogope, dada. Hii imesoma vibaya tu, tutairekebisha. Si hujasevu?”

Sandra akageukia skrini.

“Dada?”

“Nilisevu. Niliogopa isije ikapotea.”

Wangila akaachilia kipanya. “Basi hizo alama za kuuliza zimechukua nafasi ya irabu zako, bana, na za kwanza hazirudi.”

Sandra akajaribu kuimba mstari wa kwanza. Akakwama katikati.