Kiti Changu cha Nyuma

Mwanangu alikuwa tayari kulipia lile gari lililotumika. Injini ameikagua, mkewe kaipenda rangi. Mimi niliomba nijaribu kiti cha nyuma tu, maana ndicho changu. Katika gari letu la zamani mlango wangu haukufunguka kwa ndani. Kila tukifika, nilisubiri kufunguliwa kama gunia la mkaa, na mara mbili walinisahau.

Nikaingia, nikafunga mlango. Muuzaji alinichungulia dirishani. “Bibi, hili halina kasoro hata moja.”

“Ingia basi, baba, unieleze vizuri. Na ufunge mlango, vumbi hilo.”

Akaingia na kitambi chake, akasifu viti, akasifu redio. Nilimwacha amalize; sina haraka mimi.

“Haya, tufungulie tushuke.”

Akavuta kishikio. Akavuta tena. Kikabaki mkononi mwake.

“Wa upande wangu nao mgumu,” nikamwambia. “Nimeshaujaribu.”

Ilibidi apandie viti vya mbele, akakwama kiunoni, viatu vyake vikinipepea usoni. Mwanangu alicheka mpaka akaegemea boneti. Kisha akarudisha pesa mfukoni, akaja kunifungulia.

“Mama, tufanyeje?”

“Aitengeneze milango yote miwili. Tukirudi, nitashuka mwenyewe, ndipo ulipe.”