Jiwe la Ngojeni

Asubuhi ile Fundi Chokaa hakukalika. Alichanganya saruji, akaiacha. Akaenda kuchungulia mkondo, akarudi. Akakuta saruji imeanza kuganda, akaitupa, akaanza upya.

"Leo umeingiwa na siafu, fundi?" muuza tikiti wa gatini alimtania.

"Siafu wangu wako ofisini. Wamevaa tai."

Kisiwa chenyewe ni kama kiganja. Huku mnara wa taa, kule nyumba kongwe ya forodha, katikati kilima chenye tangi la maji lisilojua maji. Bara iko pale ng'ambo, karibu kiasi kwamba mtu akianika nguo unaona ni shati au ni shuka. Lakini bila boti, ukaribu huo ni wa macho tu. Mke wa fundi alikufa akiitazama bara.

Siku hiyo alibanwa na pumzi. Zahanati ikasema avushwe upesi, akaletwa akakalishwa kwenye ngazi za gati. Boti ya halmashauri ilikuwa tayari inaunguruma, ila wakubwa walikuwa juu mnarani wakikagua mambo ya utalii, na ilikuwa imeamriwa isiondoke bila wao. Nahodha akainua mkono: "Ngojeni." Wakangoja. Wakubwa wakapiga picha, wakala, wakashuka taratibu kama maharusi. Mama watoto hakuwa na haja ya boti tena.

Tangu hapo watu wa kisiwani wakaziita zile ngazi Ngojeni. Walisema kwa uchungu, kama bahili anavyoitwa Mkarimu. Fundi hakumlaumu nahodha. Nahodha ni mkono tu. Kichwa kiko halmashauri.

Sasa kikaja kichwa kipya, afisa utalii kutoka bara, aliyebandikwa jina la Bwana Ramani kwa sababu haachani na ramani hata akienda chooni. Alilisikia jina, likampendeza, asiulize lilikotoka. Akaagiza jiwe la kusimamishwa kwenye ngazi. Juu, herufi kubwa: NGOJENI. Chini yake, herufi ndogo: "Hapa wapenzi waliwangoja mabaharia wao." Na kazi ya kulisimamisha ikamwangukia fundi, maana mwashi kisiwani ni mmoja.

Binti yake akaja amevaa fulana ya halmashauri, karatasi mkononi. Yeye ndiye mwongoza watalii.

"Baba, weka tu. Wageni wako njiani."

"Na wewe utawaambia nini?"

"Kilichoandikwa."

"Mama yako alikuwa anamngoja baharia gani?"

Binti akainamia viatu vyake. "Nisiposema mimi, baba, watamleta mtu wa bara. Huyo ataongeza na mabusu."

Fundi kicheko kikamtoka, na kule kucheka kukamuudhi zaidi. Akaubwaga mwiko, akaondoka.

Alipita forodhani, akapanda mpaka mnarani, akashuka kwa nyuma, na kila alikogeuka alikuta kibao kipya kinachomweleza mahali alipozaliwa. Akikataa, Bwana Ramani atavusha fundi mwingine, na huyo hatakosa nafasi botini. Akikubali, wajukuu wake watakua wakiamini bibi yao alikuwa hadithi ya mapenzi. Alitembea haraka kama anayekimbizwa na deni, asijue anaenda wapi, hadi akajikuta amekizunguka kisiwa kizima na ngazi ziko mbele yake tena.

Akachukua sururu, akaanza kuchimba.

"Baba, mbona unachimba kama unazika?"

Akaendelea mpaka shimo likamfika magotini. Alilishusha jiwe, akalipima kwa pimamaji, akamimina zege, akalisawazisha vizuri kwa mwiko. Bwana Ramani alipofika mbio, boti ilikuwa inakaribia gati na jiwe limesimama wima, safi. Ila juu ya zege lilionekana neno moja tu.

"Fundi, maandishi mengine yako wapi?"

"Yako chini, mkubwa. Hapa pana upepo. Jiwe lisilo na mguu litamwangukia mgeni, halafu mtasema ni kosa la fundi."

"Lifukue."

"Boti hiyo inafunga kamba. Unataka wageni wako wakute shimo?"

Bwana Ramani akaitazama boti, akalitazama jiwe. "Tutaongea ofisini."

"Nitangoja," fundi akasema. "Nimezoea."

Wageni wakashuka. Mama mmoja wa kofia pana alikaa kwenye ngazi apumzike, akasoma neno, akauliza maana yake. Binti akaikunjua karatasi. Akamtupia baba yake jicho. Akaikunja tena.

"Ni neno la nahodha," alisema. "Siku moja mama yangu aliletwa hapa anaumwa, akakaa hapo ulipokaa wewe."

Bwana Ramani akakohoa. Binti akaendelea. Yule mama wa kofia akainuka taratibu, akasimama pembeni.

Fundi hakuweza kusikiliza, na kuondoka pia hakuweza. Alishuka na ndoo majini, akaosha mwiko, ukatakata, akaendelea kuuosha, masikio yote yako ngazini. Alipoinua uso alimwona nahodha, yule yule, amesimama na kamba mkononi, akimsikiliza binti. Abiria wa kurudi bara walikuwa wamejaa botini, wanamwita waondoke.

Nahodha akawainulia mkono. Akafungua kinywa. Neno halikutoka.