Kitasa Kipya, Funguo Tatu

Sikieni, mabinti, tena msikie vizuri. Mpiga Pasi alirudi kwake usiku amevimba kwa hasira. Kutwa nzima kasimama kwenye mvuke wa dobi akinyoosha mashati ya watu, tajiri anamfokea, na sasa ufunguo unamkatikia mlangoni, nusu mkononi, nusu ndani ya kitasa. Akaupiga mlango teke. Mlango wala haukujali.

Kile chumba kimoja ndicho kilikuwa dunia yake. Mume aliyeachana naye alikuwa akiingia saa yoyote, amelewa, na neno lake ni hilohilo: "Kwangu sibishi hodi!" Mpiga Pasi akamkimbia, akapanga hapa, akaapa kwamba mwanamume hataingia tena alipolala bila ruhusa yake.

Jirani akampigia simu fundi wa vitasa. Akaja, mwembamba, mkoba begani.

"Umekivunja wewe?"

"Kimechoka kuishi. Fungua, kaka, sina nguvu za kuhojiwa."

"Na hii alama ya kiatu?"

"Ya pili utaiona mgongoni kwako."

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Mpiga Pasi naye, pamoja na hasira zake zote, akacheka.

Kitasa cha zamani kilikuwa hakifai, akafunga kipya. Kazi ikaisha, mtu haondoki. Wakakaa kwenye ngazi. Fundi akasema tangu mkewe afariki anakula amesimama, maana akikaa, kiti cha pili kinamtazama. Mpiga Pasi akasema yeye huimba chumbani ili asikie sauti ya mtu. Fundi akaliona kovu la pasi mkononi mwake.

"Naweza kuushika?"

Aliomba! Hilo ndilo lililommaliza dada wa watu. Wakakaa wameshikana mikono mpaka kukakaribia kupambazuka.

Sasa, mafundi hao wana sheria yao: kitasa kikishafungwa, funguo zote anakabidhiwa mwenye mlango, palepale, mbele ya macho yake. Kitasa kile kilikuja na funguo tatu. Yeye alipewa mbili, akazitia mfukoni, boksi la kitasa hata hakulitupia jicho. Ukipenda, chongo utaita kengeza.

Wakaagana, akaingia kulala. Hata usingizi haujamkolea, akasikia ufunguo unazunguka mlangoni. Mwili ulishtuka kabla ya akili. Akanyakua pasi. Mlango ukafunguka: fundi huyo, mkate kwapani, meno yote nje.

"Nilitaka nikushtukize."

"Umeingiaje?"

"Niliubakiza mmoja. Nikajua sasa sisi ni wamoja."

"Wamoja na nani? Ufunguo wangu umeutia mfukoni, tayari umejiita mchumba?"

"Dada, tulia, sina ubaya."

"Nyote hamna ubaya mkiingia! Mkono wangu uliuomba. Mlango, mimi nimelala ndani, hukuuomba! Weka mkate chini. Weka ufunguo. Toka!"

Akatoka kichwa chini. Mpiga Pasi akasukuma komeo. Hasira na mapenzi vikawa vinapigana kifuani mwake, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mapenzi hayakukubali kufa.

Kisha, nje ya mlango:

"Hodi."

"Nani?"

"Fundi."

"Sijaita fundi."

"Basi ni mtu aliyekosea."

Mpiga Pasi akaegemea mlango.

"Leta kitasa kingine. Utakifunga nikiwa nimekusimamia, na funguo zote utanitia mkononi. Halafu uende kwako. Siku ukibisha, nikitaka nitafungua. Nisipotaka, utasimama."

"Na usipotaka kabisa?"

"Utaota mizizi hapohapo."

Jioni kitasa kilibadilishwa. Mpiga Pasi alizihesabu funguo kwa sauti, mpaka majirani wakasikia. Fundi akaenda zake. Kesho yake akabisha, na keshokutwa, na kila mara anasubiri kidogo, halafu anashuka ngazi taratibu.

Mwenye chumba bado anafikiri. Na afikiri! Nanyi msimharakishe.