Ndoo ya Chini ya Kiti

Basi lilikuwa halijatoka hata stendi ya Kahama, mimi nimeshashuka. Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi, na jambo la aibu ni heri ulitaje mwenyewe kabla hujatajiwa.

Nilikuwa nimekata tiketi ya kiti cha mbele, nyuma ya dereva, kama wanavyoshauri wajuzi. Tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu tumboni. Nilikuwa nimebandika gazeti juu ya kitovu, ndani ya gauni, maana niliwahi kuambiwa kwamba gazeti huzuia kichefuchefu. Mkononi nilikuwa na ndimu, mdomoni tangawizi mbichi iliyonichoma mpaka nikatoa machozi. Dereva akawasha injini ipate moto. Basi halikusogea hata hatua moja, ila harufu ya dizeli ilikuja ikachanganyika na ya viti vilivyopigwa jua, na tumbo langu likageuka. Moyo ukaenda mbio, vidole vikafa ganzi, masikio yakaziba. Nikasimama, nikawakanyaga watu miguu, nikashuka. Kondakta akaniuliza kama nimesahau kitu, nikamwambia ndiyo. Baada ya dakika tano nililiona basi likishika barabara ya Geita na kiti changu kitupu.

Na huko Geita mwanangu wa pekee, Loveness, alikuwa amelazwa. Mimba ya miezi minane, presha juu, uso na miguu imevimba. Mume wake, Thobias, alinipigia simu alfajiri. Alisema wanampa sindano za kushusha presha, lakini daktari anataka apelekwe Mwanza leo hii kabla kifafa cha mimba hakijamkamata. Gari la wagonjwa liko tayari uani. Tatizo ni mgonjwa mwenyewe: amekataa kulipanda. Anasema hapandi mpaka mama yake afike.

Nililielewa neno hilo kwa namna yangu. Nilijua ananipima. Siku ya harusi yake sikwenda Geita, nikasingizia malaria. Mimba yake ya kwanza ilipoharibika sikwenda, nikasingizia tumbaku, kwamba iko kwenye bani, lile banda la kuikaushia, na moto hauachwi. Majani ya tumbaku yalikuwa yameshafungwa wiki mbili nyuma. Mtoto anayekosa mama mara mbili ana haki ya kusema mara ya tatu sitoki hapa mpaka nimwone. Nami badala ya kwenda nimesimama stendi na gazeti tumboni.

Ugonjwa wenyewe una historia. Miaka ishirini iliyopita tulipanda Fuso kwenda kuzika Maganzo, watu tumesongamana nyuma kama magunia ya mpunga. Loveness alikuwa na miaka sita, nimempakata. Kabla hatujafika mbali nilitapika, na nilimtapikia baba mkwe wangu kifuani, kwenye koti lake la msiba. Mzee hakusema neno. Aligonga bodi, gari likasimama, akashuka kwenda kujifuta kwa majani, na watu wote mle ndani wakaangalia pembeni. Laiti angenitukana. Tangu siku hiyo mimi Zipora ni mtu wa baiskeli na miguu. Asubuhi hiyo kaka yangu Jilala alinipakia kwenye baiskeli yake kutoka kijijini kwetu Ushetu mpaka Kahama, mwendo wa saa tatu, na sikusikia hata kizunguzungu. Akaniacha stendi, akageuza.

Wala hakuna aliyejua kwamba naogopa magari. Kanisani nimewahi kusimama mbele ya akina mama nikawaambia mficha maradhi, kifo humuumbua, nikapigiwa makofi.

Nilimpigia Thobias nikamwambia basi limeharibika, nitatafuta bodaboda. Akasema bodaboda ni mbali na mvua imefunga, nisubiri hapo hapo, yuko njiani na gari lake, ameshapita Kakola. Nikamuuliza amejuaje kuwa basi litaharibika. Akasema Loveness ndiye aliyemtuma tangu asubuhi. Alimwambia, mama hatapanda basi, kamfuate.

Hilo lilinichoma kuliko tangawizi. Mtoto ananipima, na kabla ya mtihani ameshanifelisha.

Usukumani kwetu mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kuogopana. Hatushikani mikono. Siwezi kula mbele yake, wala yeye mbele yangu, na nikimwona anakuja napisha njia. Thobias ni kijana wa Geita mjini, lakini adabu hiyo anayo. Alipofika na Probox yake alisimama mbali, akatoa shikamoo akiangalia chini, nami nikaitikia marahaba nikiangalia ukuta. Akanifungulia mlango wa nyuma, akarudi nyuma hatua tatu ili nipite. Alipokaa kwenye usukani alikielekeza kioo cha ndani juu, kwenye paa, asije akaniona. Sasa wewe niambie, katika gari la mtu kama huyo unatapikaje?

"Mama, ndoo ipo chini ya kiti," alisema kabla hatujaondoka.

Nikamjibu nimeiona. Ilikuwa ndoo ndogo nyeupe yenye mfuniko, iliyowahi kuwa ya rangi ya nyumba. Thobias hununua marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa na wachimbaji ukabaki na dhahabu kidogo, na sampuli huzibeba kwenye ndoo kama hizo. Nilidhani ananionya nisiipige teke. Watu wa dhahabu wana miiko yao, na mwanamke wa kuutia uchafu mfuko wa riziki wa mkwewe sijawa mimi. Nikaisukuma taratibu kwa kisigino mpaka ubavuni mwa gari. Mkononi nilikuwa na mfuko wangu.

Barabara ile inajengwa. Lami inakuja, inakatika, unatupwa kwenye njia ya pembeni yenye mashimo na matope, unarudishwa juu, unatupwa tena. Nilikaza macho mbali, kwenye mawe na mashamba ya mahindi. Nilihesabu nguzo za umeme. Niliimba pambio moyoni na nikasahau maneno. Jasho la baridi lilinitoka mgongoni, mate yakaanza kujaa mdomoni, yale mate mepesi ambayo kila mgonjwa wa gari anayajua, yanakuja mbele kupiga hodi. Neno lilikuwa moja tu, simama, na sikuweza kulisema. Angesimama angeniuliza kuna nini, na ningemwambia nini mkwe wangu? Kwenye nguzo ya arobaini na moja nikafungua mfuko.

Zamani tulikuwa na Rambo, mfuko wa plastiki ambao ungeweza kutekea hata maji. Ikapigwa marufuku, tukaletewa mifuko mbadala, ile ya kitambaa kisicho kitambaa. Ni mizuri kwa nyanya. Matapishi hayakukaa hata sekunde kumi. Yalichuruzika kupitia kitako cha mfuko, yakaniingia kwenye kitenge, yakashuka kwenye kiti, yakafika kwenye zulia la gari la mkwe wangu. Tumbo lililofunga siku nzima halikuwa na chakula cha kutoa, kwa hiyo lilitoa nyongo, na harufu yake ilijaa gari zima.

Gari likasimama. Nilisikia mlango wake unafunguliwa, kisha wangu. Thobias alisimama pale akiwa amegeuzia uso upande wa mahindi, shingo imekakamaa, na bila kuniangalia akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwangu.

"Nipe, mama. Nimezoea."

Akaupokea ule mfuko unaovuja, mikononi mwake, ukimchafua mpaka kwenye viwiko, akaenda kuutupa. Nilishuka nikakaa kwenye nyasi zilizolowa. Nililia kwa sauti, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, pembeni ya barabara wanayopita malori. Nilimwambia aniache pale. Nilimwambia arudi kwa mke wake, amwambie mama yako hakuonekana, mama yako amekufa, aseme lolote. Nitarudi kwetu kwa miguu. Mbele kulikuwa na safari ndefu zaidi ya ile tuliyomaliza, na mwili wangu ulikuwa umeshaisha. Niliamini kabisa kwamba nikirudi kwenye lile gari moyo utasimama. Siyo maneno ya kusema tu. Nilikuwa nakisikia kifo kifuani.

Thobias alichuchumaa upande wa pili wa gari, kunipa mgongo.

"Mama," akasema, "nikirudi bila wewe, hapandi. Na asipopanda leo, daktari ameshaniambia nijiandae."

Mvua ilianza kudondoka. Niliziangalia kandambili zangu, nikaangalia mlango wa lile gari uliokuwa wazi. Sikupata ujasiri wowote, nisikudanganye. Niliogopa vilevile, na nikaingia hivyo hivyo.

Ndipo Thobias aliponyoosha mkono nyuma, macho mbele, akaivuta ile ndoo na kuufungua mfuniko. Hakukuwa na mchanga. Kulikuwa na taulo, chupa ya maji na ndimu mbili zilizoanza kukauka. Akasema ndoo hii kazi yake ni hiyo tangu zamani. Nilijua anadanganya kunisitiri, nikamwombea baraka kimoyomoyo. Kutoka hapo mpaka Geita niliitumia mara sita.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nanuka, kitenge kimenikaukia mwilini, na gazeti limeshuka mpaka kwenye paja. Wodini nilimtambua mwanangu kwa sauti tu, uso ulikuwa umevimba ukawa wa mtu mwingine. Alikuwa amekishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Muuguzi alisema asubuhi walimwingiza kwenye gari la wagonjwa, na walipotaka kufunga mlango akajiviringisha akaanguka chini, tumbo na yote, akipiga kelele kwamba hewa hakuna. Mara ya pili alikishika hicho chuma, na mpaka saa hizi hajakiachia.

Nilipokaribia, Loveness alinusa. Kisha akauliza kwa Kisukuma kilichochanganyika, kama alivyokuwa akiongea utotoni, mama kwake akiwa mayu:

"Mayu, mara ngapi?"

Nikamwambia saba, ukihesabu na ya mfuko.

"Mimi nilitapika kabla hawajafunga mlango," alisema.

Nilisimama pale nikiwa mjinga. Nikaikumbuka ile mara moja aliyokuja kututembelea, akatoka Geita mpaka Ushetu kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope, nami nikamsema mbele ya majirani kwamba ameolewa na dhahabu, mume ana gari na yeye anapanda pikipiki ili asinibebee hata kilo ya sukari. Nikaikumbuka ndoo. Nikaikumbuka mikono ya Thobias iliyojua pa kushika. Na nikajikumbuka mimi mwenyewe: kila gari lilipopita kijijini nilimvuta mtoto kando nikamziba pua kwa khanga, nikamwambia asivute, hiyo harufu itakuua. Nilidhani namlinda. Nilikuwa nafundisha.

Nikamuuliza kama alijua habari zangu. Alisema amejua tangu lile Fuso, si alikuwa mapajani kwangu. Na ile malaria ya siku ya harusi, wakwe walipoanza kunong'ona kwamba mama wa bibi harusi ana dharau, yeye ndiye aliyewaapia kwamba ameniacha kitandani na dripu.

"Sikukuita unibariki, mayu," alisema. "Nilisema, mama ndiye anayeogopa gari kuliko mimi. Akifika yeye, basi inawezekana. Na asipofika..."

Niliangalia vidole vyake kwenye kile chuma, vimekuwa vyeupe kwa kukaza. Kama ningebaki ndani ya lile basi la asubuhi angekuwa ameshafika Mwanza. Wazo hilo ninalo mpaka leo na sina pa kulipeleka.

Daktari alikuja akasema saa zimeisha. Nafasi ni ya ndugu mmoja. Thobias alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amuoe mwanangu, na nikaona anataka kusema atakwenda yeye, maana mimi nilikuwa siwezi hata kusimama bila kushika ukuta. Nikamwomba ndoo.

Nilipanda mimi kwanza. Ndani mlikuwa na harufu ya spiriti na mpira, na madirisha hayafunguki. Moyo ukaanza tena kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, vilevile kama Kahama. Nikakaa kwenye benchi, nikanyoosha mkono nje. Loveness, aliyeletwa mpaka uani juu ya kitanda kile kile cha magurudumu, alikiachia kile chuma kidole kimoja kimoja, kitanda kikasukumwa, akaingizwa, akalazwa kwa ubavu wa kushoto uso ukinielekea. Walipofunga mlango alinikamata mkono akaanza kuhema kwa pupa. Nilimwekea ndimu puani, na yangu nikaiuma.

"Inaisha, mayu?" aliniuliza.

Ningeweza kumdanganya, na uongo nimeuzoea.

"Haiishi," nikamwambia. "Lakini gari linafika."

Dereva akawasha injini, harufu ya dizeli ikaingia. Tukaikamata ndoo, yeye upande wake na mimi wangu, na sikushuka.